Shuka Namba Arobaini na Saba

Mtu aliyefua nguo za watu kwa miaka minane haoni kinyaa ovyo. Winchi alikuwa ameshakutana na kila kitu ambacho binadamu anaweza kukiacha kwenye kitambaa: damu, matapishi, na mengine ambayo mwenye nayo angeapa mbele ya hakimu kwamba si yake. Aliyaloweka, akayasugua, na chakula chake cha mchana akakila palepale pembeni ya beseni bila kukunja pua. Kwa hiyo ukisikia kwamba Jumapili ile, sebuleni kwa watu, amevaa gauni lake la bluu na amejipaka manukato, kichefuchefu kilimpanda mpaka kikamkaba kooni, ujue alichokiona hakikuwa kitu kidogo.

Alichokiona ni kochi.

Sebule ilikuwa na makochi matatu ya rangi ya maziwa, masafi, yaliyotunzwa. Mawili yalikuwa wazi. La tatu, la karibu na mlango wa uani, lilikuwa limefunikwa nailoni, ile nzito ya kufungia magodoro mapya, imechomekwa vizuri mpaka chini ya mto. Juu ya nailoni pametandikwa shuka jeupe la zamani.

"Karibu ukae, wifi," dada mkubwa wa Fundi akasema, akimwonyesha lile la tatu. "Hapo ndipo pako."

Winchi akakaa. Nailoni ikalia chini yake, kwaru. Akajisogeza kidogo, ikalia tena. Fundi, mwanaume ambaye ndiye aliyemleta kwenye nyumba hii, akamwinamia kama anayemwekea mto mgongoni, akamnong'oneza sikioni.

"Nisamehe, mpenzi. Ni mama huyo. Unawajua wazee."

"Usijali," Winchi akanong'ona naye. Lakini alijali. Alijali mpaka mate yakamjaa mdomoni, machungu, kama ya mtu aliyetafuna kidonge.

Tuseme mapema kwa nini nailoni ilitandikwa, asije mtu akadhani binti wa watu alikuwa na upele. Miaka mitano nyuma, akiwa na ishirini na minne, utumbo wake mpana ulijaa vidonda visivyosikia dawa. Alikonda mpaka shangazi yake akaanza kumlilia angali hai. Madaktari wakaukata utumbo ule wote, wakatoa ncha ya utumbo mwembamba nje ya tumbo, upande wa kulia chini ya kitovu, na juu yake wakabandika mfuko. Choo chake kinapitia hapo tangu siku ile, na kitapitia hapo mpaka siku ya kuzikwa kwake. Daktari akamwambia, "Usinyanyue hata ndoo ya maji." Winchi akamwitikia ndiyo, ndiyo, kisha baada ya miezi minane akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi wa jirani na kuanza kunyanyua ufito wa fagio. Alianza na ufito, kweli, wakamcheka. Nesi aliyemfundisha kubadilisha mfuko ndiye aliyemfundisha pia kukaza tumbo bila kujiumiza. Sasa alikuwa ananyanyua kutoka chini chuma cha kilo mia na hamsini, na jina la Winchi walimpa walewale waliomcheka. Mwaka uliopita alishika nafasi ya pili katika mashindano ya taifa. Ya mwaka huu yalikuwa Jumamosi ijayo.

Na Fundi ndiye aliyemtengenezea mkanda.

Wanyanyua vyuma hufunga mkanda mpana wa ngozi tumboni, nao mkanda wa kawaida ulikuwa unamkandamiza Winchi palepale pabaya. Miezi kumi nyuma alikwenda kwenye karakana ya fundi wa ngozi, mtu wa mikoba na viatu, akamweleza shida yake huku uso ameuelekeza sakafuni. Fundi hakushtuka. Alichukua kipande cha karatasi, akakata tundu, akalipima juu ya gauni lake polepole, kama mtu anayepima kisigino.

"Unajaa baada ya saa ngapi?" akamuuliza. Hivyo tu, kama anayeuliza saizi ya kiatu.

"Huoni kinyaa?" Winchi akamuuliza naye.

"Kinyaa cha nini? Nimemuuguza baba yangu miaka miwili, hajiwezi kwa lolote. Kwa mikono hii." Akainua mikono yenyewe, mirefu, kucha zimeingia rangi ya ngozi. Akamtazama, na macho yake hayakukimbilia pembeni.

Kwisha habari ya Winchi. Wanaume wawili kabla yake walikuwa wamemkimbia, mmoja bila hata kuchukua koti lake. Mwanamke ambaye mabega yake yanajaza mlango alirudi nyumbani siku ile akijichekea peke yake njiani kama msichana wa shule. Mkanda ulitengenezwa mara tatu kabla haujakaa sawasawa, na ukweli ni kwamba mara ya tatu ulishakaa. Alirudi tu ili apimwe tena.

Wiki mbili zilizopita Fundi alimwomba amuoe. Winchi akamwambia, "Jibu nitakupa mbele ya mama yako, tukishakula. Nataka anione kwanza, anijue na mfuko wangu." Jibu lenyewe alikuwa nalo tangu siku ya karatasi. Lilikuwa ndiyo. Alilibeba moyoni asubuhi ile yote, na sasa amekaa nalo juu ya nailoni.

Mama mwenye nyumba akatoka jikoni na bakuli la mchuzi, mwanamke mfupi, mnene wa kiasi, miguu imevimba. Winchi akainuka kumpokea, nailoni ikapiga kelele nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa, wewe ni mgeni. Lo, una mikono wewe. Hebu nishike hapo. Hii ni mikono au mihimili ya paa?"

"Ni mikono tu, mama."

"Mwanangu ameniambia unabeba vyuma. Kilo ngapi hizo?"

"Mia na hamsini, mama. Ni kama saruji mifuko mitatu kwa mpigo mmoja."

Mama akacheka mpaka bakuli likatikisika. "Wewe," akamwambia mwanawe, "huyu usije ukamuudhi. Atakutupia kwa jirani."

Wakacheka wote. Winchi akamtazama yule mama kwa jicho la pembeni, hamwelewi. Huyu anayemshika mkono bila kusita, huyu anayechota mnofu mkubwa na kumwekea kwenye sahani, ndiye huyohuyo aliyechomeka nailoni mpaka chini ya mto? Watu wana nyuso mbili, alijiambia. Na mwenye kucheka nawe huku amekutandikia nailoni humtia mtu kinyaa kuliko anayekutukana waziwazi.

Dada mtu hakuwa wa nyuso mbili. Alikuwa na uso mmoja, na huo ulikuwa umekunjwa.

"Wifi, mimi jambo likinikaa rohoni silali," akasema, akiweka kijiko chini. "Naomba nikuulize."

"Uliza."

"Huo mfuko unatoa harufu?"

"Sasa hivi unasikia harufu gani?"

Dada akanusa kweli. "Nasikia manukato. Na mchuzi."

"Basi ndiyo hiyo."

"Na ukipasuka?"

"Haujawahi kupasuka na mimi nina kilo mia na hamsini mkononi. Hautapasuka nikila kuku."

"Mtoto wewe," mama akamkemea bintiye, "mgeni hajamaliza hata tonge la tatu unamuuliza habari za choo. Umelelewa wapi?"

"Si nimelelewa hapahapa, mama? Kaka yangu anaoa, nisiulize? Mwanamke na vyuma wapi na wapi. Tumbo lenyewe limetobolewa. Kesho keshokutwa atabeba mimba kweli huyu?"

"Daktari anasema naweza," Winchi akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. Fundi alikuwa amekaa mbele yake, anachambua mfupa wa kuku kwa bidii kama aliyepewa kazi. Winchi alingoja aseme neno, lolote, hata 'dada, inatosha'. Mfupa ukachambuliwa ukawa mweupe.

Mkono wa Winchi, wa mtu anayejizuia, ukawa unachezea pembe ya shuka alilokalia. Kidole kikagusa uzi. Dole gumba likapita juu yake mara moja, likarudi, likasimama. Akashusha macho.

Pembeni mwa shuka palikuwa na namba, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Arobaini na saba. Na ile saba ilikuwa na kamstari katikati.

Kamstari hako alikashona yeye.

Kwa dobi alikofanya kazi, kila mteja alikuwa na namba yake, na namba hushonwa pembeni ya kila nguo isije ikapotea. Wao wa chumba cha ndani hawakuwaona wateja. Mkokoteni uliwaletea magunia, wakayafua, mkokoteni ukayarudisha. Gunia la arobaini na saba lilikuja kila Jumatatu na Alhamisi, limefungwa kamba ya bluu, kwa miaka miwili mizima. Hakuna aliyetaka kulifungua. Winchi ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, anajifunza kuishi na mwili wake mpya, na wenzake wakamsukumia: lako hilo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na mashuka ya mzee anayekufa polepole, mzee asiyeweza kujizuia. Lakini aliyeyatoa yale mashuka alikuwa mtu wa namna yake. Aliyasuuza kwanza. Aliyakunja, uchafu ukaelekea ndani, pembe kwa pembe, asije mwenzake wa mbali akaingiza mkono mahali pabaya. Mara mbili kwa wiki, miaka miwili, hakuchoka wala hakukasirika akatupia tu. Winchi alikuwa akifungua gunia lile huku anasema moyoni, kama mzee huyu ana mtu wa kumtunza hivi, basi hata mimi sijapotea. Halafu Alhamisi moja gunia halikuja. Wala Jumatatu.

Sasa maneno ya karakanani yakamrudia. Nimemuuguza baba yangu miaka miwili. Kwa mikono hii. Kumbe ni yeye. Kumbe yule mtu wa gunia, aliyemfanya avumilie mwaka ule wa kwanza, ni huyuhuyu aliyekaa mbele yake anachambua mfupa. Winchi akamtazama Fundi, kope zake ndefu, kidevu chake chenye kovu dogo la kisu cha ngozi, na mapenzi yakamjia kwa nguvu. Nailoni ni ya mama, na mama atazoea. Wifi atazoea. Nini nailoni mbele ya mtu kama huyu?

Akaweka sahani chini.

"Mama," akasema, "nilimwahidi mwanao jibu tukishakula. Lakini kabla sijalisema, nataka nikutoe wasiwasi. Kuhusu hii nailoni. Sina kinyongo nawe. Ungekuwa na hofu ungeniambia tu, ningekueleza. Mfuko hauvuji, mama."

Mama akakunja paji la uso. "Wasiwasi gani, mwanangu? Si wewe mwenyewe uliyeomba?"

"Niliomba nini?"

"Utandikiwe nailoni. Mchumba wako huyu aliniambia jana, mgeni ameomba afunikiwe kochi, eti vinginevyo anaona haya, hatakuja. Mimi nikasema nailoni itamuunguza mapaja mtoto wa watu kwa joto hili. Ndiyo nikatoa shuka nikaweka juu. Ni la marehemu, lakini ni safi, lilikuwa linafuliwa vizuri sana."

Fundi akauweka mfupa pembeni ya sahani.

"Mama, tuyaache hayo," akasema.

"Uliniambia ni mama," Winchi akasema.

"Nilikuwa nakulinda. Ingetokea bahati mbaya ungeaibika."

"Ulikuwa unamlinda nani?"

"Wewe."

"Ulikuwa unalinda kochi."

Winchi akalishika shuka, pembe ile ya uzi mwekundu ikiwa ndani ya kiganja. Alikuwa bado anatafuta mlango wa kumrudishia mtu wake. Mwanamke anayependa hawezi kuacha kutafuta.

"Lakini ulimuuguza baba yako," akasema. "Hilo ni lako. Uliniambia ulimuuguza miaka miwili, kwa mikono yako."

Dada mtu akaangua kicheko, kicheko cha puani. "Nani? Huyu? Nani amuuguze? Kaka yangu huyu chumba cha baba alikuwa hakikanyagi. Alikuwa anamsalimia dirishani, kitambaa puani. Baba anamwita aingie, yeye anasema nimechelewa kazini. Mama ndiye aliyejimaliza pale peke yake, tazama miguu yake."

"Dada, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Hata siku unazompima huyu mkanda wake, ukirudi hapa sinki halikaribiki. Mtu anajisugua mpaka viwikoni, sabuni kipande kizima. Nikadhani ni gundi."

Rangi, ndivyo alivyomwambia Winchi. Kila alipomaliza kumpima alikwenda bombani nyuma ya karakana, akakaa huko muda mrefu, akirudi mikono imekuwa myekundu. Rangi ya ngozi haitoki upesi, mpenzi. Na Winchi, mtu ambaye kazi yake ni kujua doa lipi linatoka na lipi halitoki, aliamini, huku kucha za mwanaume yule zikibaki na rangi ileile kila siku. Alikumbuka mikono hiyo myekundu ikimshika mashavu. Kichefuchefu kikarudi, na safari hii hakikuwa cha nailoni. Mwili wote ulimsisimka kama mtu aliyekuta mdudu kwenye kikombe alichokwisha kunywa nusu.

"Nakupenda," Fundi akasema. Macho yalikuwa yamemlowa, na hapa tusimwonee, hakuwa anasema uongo. "Sikiliza. Nakupenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Hicho kitu kimoja tu. Nimejizoeza. Kila siku najizoeza. Siku ya kwanza nilitapika ulipoondoka, siku hizi sitapiki. Nitazoea kabisa, nakuapia."

"Umejizoeza," Winchi akasema.

"Ndiyo."

"Kama mtu anayemeza shubiri."

"Usiseme hivyo."

"Mimi nilitapika mwezi mzima," Winchi akasema. "Mwezi wa kwanza kila nilipoubadilisha nilitapika, nesi amenishika kichwa. Nililichukia tumbo langu. Kwa hiyo kinyaa si kosa, nakijua vizuri, nimelala nacho kitanda kimoja. Ungeniambia siku ileile, 'mimi naona kinyaa, nivumilie', ningekuvumilia. Ningekufundisha. Ungejua hata kwenye mashindano kuna wasichana wananyanyua kando yangu na bado hawawezi kunitazama nikijifuta, na ni rafiki zangu. Lakini wewe kinyaa chako umembebesha mama yako. Na uuguzi wa mama yako umeubeba wewe. Mpaka kwa baba yako umeiba."

Fundi akashika kichwa. Mama alikuwa ameinamia mikono yake.

Winchi akasimama. Nailoni ikalia.

"Bado nataka kukupa jibu," akamwambia. "Nifuate. Ni saa yangu ya kuumwaga mfuko. Hutashika kitu, utasimama tu mlangoni uzungumze nami kama mtu anavyozungumza na mkewe anayenawa uso. Ukiweza hilo, mengine yote nitayasahau, na jibu langu litakuwa lile nililokuja nalo."

Alilisema na alilimaanisha. Kichefuchefu kipo, hasira ipo, na bado moyo mpumbavu ulikuwa unamwombea ashinde. Akatangulia kwenye korido. Akamsikia anainuka, hatua zake zinamfuata, moja, mbili, tatu, akazihesabu kama anayesubiri waamuzi waamue. Akaingia bafuni. Sinki jeupe, kipande kipya cha sabuni, chupa mbili za dawa ya kuulia vijidudu zilizonunuliwa kwa ajili yake. Akageuka.

Fundi alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayechomwa sindano. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda wenyewe, mkono wa shati umebana pua na mdomo.

Winchi alikuwa ameshika gauni lake, halijapanda hata juu ya goti.

"Hata sijafungua," akasema.

Fundi akauona mkono wake mwenyewe. Akaushusha haraka, akaona haitoshi, akauficha mgongoni. "Nipe muda," akasema.

"Nimekupa miezi kumi bila kujua."

"Wiki moja tu. Baada ya Jumamosi. Naomba."

Alikuwa mzuri hata hapo, ndilo lililomuuma. Kope zile. Kovu lile kidevuni ambalo alilibusu juzi tu. Winchi alitaka kuinua mkono amguse shavu kwa mara ya mwisho, lakini akafikiria bomba na kipande cha sabuni, mkono ukaacha.

"Pisha," sauti ikasema nyuma ya Fundi. Ni mama, ana jagi la maji mkononi na taulo begani, anatembea kwa shida kwa miguu yake ile. "Pisha, baba. Umeshasimama vya kutosha."

Akampita mwanawe, akaingia, akafunga mlango. Hakusema pole. Aliweka jagi palipofikika, akamshikia Winchi upindo wa gauni usilowe, akageuza uso kidogo, si kwa kinyaa, ila kwa heshima, kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi ile mara elfu na anajua macho yakae wapi. Winchi akafungua mfuko, akaumwaga, akausafisha, akaufunga. Harufu ilikuwepo, ni choo, si waridi. Mama akamimina maji.

"Ile saba yenye kamstari," mama akasema, akitazama ukutani. "Nilikuona pale kochini unavyoipapasa, nami nimeshaambiwa unafua kwa dobi. Mimi nilikuwa naitazama kila wiki mashuka yakirudi. Nikajiuliza, ni nani huyu hachoki. Siku nyingine nilitamani kumwandikia barua niiweke guniani."

"Dobi hasemi alichofua, mama."

"Sijakuuliza."

Winchi akanawa mikono, mara moja, kama watu wanavyonawa. Alipotaka taulo, machozi yakamtoka yote kwa pamoja, na yule mwanamke mfupi akamvuta kichwa chake kikubwa, akakiweka kwenye bega lake. Alilia jibu lake lote hapo, lile alilokuja nalo.

Walipotoka, Fundi alikuwa bado kwenye korido, amejibana ukutani.

"Ni hapana," Winchi akamwambia.

"Na mkanda?" akauliza. Pengine hakujua aulize nini kingine.

"Mkanda ni kazi nzuri, siwezi kuusingizia. Nitaufunga Jumamosi."

Sebuleni akaliondoa shuka juu ya nailoni, akalikunja pembe kwa pembe, namba ikakaa juu, akampa mama. Nailoni akaiacha kochini ilivyo. Dada mtu akamsindikiza mpaka barazani, kisha akasimama hapo anavuta kidole kimoja baada ya kingine.

"Wifi," akasema, akajisahihisha, "dada. Usiniweke moyoni."

"Wewe umenisaidia kuliko unavyojua," Winchi akamjibu. "Endelea tu kukosa usingizi."

Alikuwa ameshafika getini mama alipotokea dirishani.

"Jumamosi ni saa ngapi hayo mashindano?"

"Saa nne asubuhi, mama. Uwanja wa ndani."

"Nitakuja mapema nikae mbele. Siwezi kusimama muda mrefu."

"Nitakuwekea kiti, mama. Kitakuwa wazi."

Akafungua komeo. Nyuma yake, ndani ya nyumba, akasikia bomba la bafuni linafunguliwa, maji yanatiririka kwa nguvu, na kipande cha sabuni kinasuguliwa, kinasuguliwa, bila kupumzika. Akasimama akasikiliza mpaka akahakikisha. Siku ile yote Fundi hakuwa amemshika hata mkono.